Karatasi ya Pili

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Januari 2025

Mama mdogo Moza, shikamoo.

Nisamehe, leo naanza na jambo lenyewe kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Mama anafikiri kila Jumanne na Alhamisi niko kozi ya kompyuta. Siko. Navuka Magogoni naenda Kigamboni, na huko nimezama. Nimezama mara tano sasa, na kila nikitoka natamani kurudi. Sikujua kama mimi naweza kuwa hivi. Unanijua, mtu akiniuliza jina natazama kandambili zangu. Lakini huko ananishika mkono, ananiambia nimtazame machoni, na mimi namtazama. Nikiwa naye siogopi kitu. Nikirudi nyumbani mwili una chumvi, naoga haraka kabla Mama hajafunga duka. Moyo unanisuta kwa kumdanganya, ila kuacha sitaki.

Sasa salamu. Sote wazima. Baba anarudi bandarini amechoka, anaongea na mawakala wenzake mpaka kwenye ndoto. Matokeo ya kidato cha nne bado. Mama amekufungia robota la khanga, zimo za maua madogo ulizosema wanawake wa Songea wanazigombania. Barua naificha ndani ya mikunjo, kwa sababu simu ya nyumbani ni ile moja ya Mama, na anaongea kwa spika mpaka duka la pili wanamwitikia.

Karatasi ile imejaa, nimechukua hii nyingine. Nitaiweka kwenye doti ya zambarau, ili mkunjo mmoja usivimbe Mama akagundua.

Nikueleze vizuri. Ninajifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Kuna mradi unaofundisha wasichana waliomaliza shule kuzama na kuhesabu kasa na matumbawe. Mtungi unaubeba mgongoni, unakaribia ule wa gesi ya kupikia, na una mpira unaoingia mdomoni unapumulia humo. Mwalimu wetu anaitwa Winifrida, mama wa miaka hamsini hivi, Mchaga wa Rombo. Siku ya kwanza alituambia, "Mimi nimeiona bahari nina miaka ishirini na nne, nikadhani mawingu yameanguka. Ninyi mmezaliwa pembeni yake na hamjui kuogelea. Sasa mshamba ni nani?"

Nimekosea mengi. Kila nikimwonyesha dole gumba kwamba niko poa, ananipandisha juu. Mara tatu. Kumbe chini ya maji dole gumba maana yake twende juu, na poa ni kukunja vidole viwili vifanye duara. Kosa kubwa zaidi ni macho. Yeye ni mtu mzima, akinitazama nainamisha kichwa kama mlivyotufundisha. Akanitoa majini. "Binti, shikamoo yako niliipokea nchi kavu, marahaba. Huko chini heshima ni macho. Ukiinamisha kichwa mimi nadhani umezimia."

Mtihani wa mwisho ni tarehe 27 Februari, kwenye maji makubwa karibu na kisiwa cha Sinda. Nikifaulu wananichukua kwenye kikundi cha kuhesabu. Mama akijua kabla ya hapo, basi tena. Unajua nyumba yetu na bahari, Mama hata feri hapandi. Najua ni kwa ajili ya Mjomba Twaha, yule ndugu yenu wa kwenye picha, lakini hakuna aliyewahi kunisimulia. Wewe ungenisimulia?

Mwanao,
Ummy

*

Songea
2 Februari 2025

Mwanangu Ummy,

Marahaba. Huku mvua imetufaa, mahindi yamefika kiunoni. Baba yako mdogo anakusalimu. Mapacha wameanza darasa la kwanza, na siku ya tatu walirudi kila mmoja na kiatu kimoja, wote vya kushoto.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Karatasi moja, na hata jina hukuweka mwisho. Nikajua umeogopa.

Mwanangu, kuzama kwenye mapenzi si kosa. Hata mimi nilizama, ndiyo maana niko Songea. Lakini nakuuliza kama mama yako. Ni mtoto wa nani huyo? Huko Kigamboni anafanya nini? Kwa nini mnakutana ufukweni mpaka unarudi na chumvi mwilini, kwao hakuna kiti? Mwanaume anayekushika mkono na kukuamuru umtazame machoni, halafu wazazi wako hawamjui, mimi simwamini. Kama anakutaka kwa heri, atume watu kwa baba yako. Na kama kuna jambo limeshatokea, niambie mimi kwanza. Nitapanda basi usiku huo huo.

Dada sijamwambia. Nilimpigia tu kumjulisha kwamba robota limefika, nikamuuliza juu juu hiyo kozi ya kompyuta iko mtaa gani, na kama amewahi kumwona mwalimu wako. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nisamehe kama nimeharibu.

Khanga zimetoka haraka. Majirani walinivamia hata kabla sijazikunjua zote.

Mama yako mdogo,
Moza

*

Kariakoo
11 Februari 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Barua yako niliikuta kwenye gunia la maharage, nikaisomea chooni huku nimeziba mdomo. Mwanaume gani? Karatasi ya pili hukuiona? Ilikuwa kwenye doti ya zambarau. Kama umeiuza, basi kuna mwanamke Songea anayejua habari zangu zote.

Hakuna mwanaume. Anayenishika mkono ni Mwalimu Winifrida, mama mtu mzima, na kuzama ninakokusema ni kuzama ndani ya maji, na mtungi wa hewa mgongoni. Ninajifunza kuhesabu wanyama wa baharini. Mtihani ni tarehe 27 mwezi huu.

Habari za nyumbani: matokeo yametoka, nimepata daraja la pili. Baba alileta biriani, akawaambia hata wabeba mizigo wa mtaani kwetu. Mama alifurahi, lakini tangu ulipompigia ananitazama kwa namna nyingine. Juzi alitaka nimwonyeshe nilichojifunza kwenye kozi. Nikafungua kompyuta ya Baba, nikaandika jina la Mama kwa herufi kubwa. Akalitazama. "Mwezi mzima, Nasreen tu?"

Nikasema tunaenda polepole.

Alhamisi nilimwona kasa. Tulikuwa mita sita, juu ya majani ya bahari, ambayo ni majani kweli, yanalala upande mmoja kama yamechanwa na kitana. Mwalimu akanigusa bega. Kasa alikuwa anakula. Anang'ata, anatafuna, anafikiri, anang'ata tena, kama mzee anayekula mchicha bila meno. Nilikuwa karibu naye kuliko ninavyokaa na Mama mezani. Akainua kichwa akanitazama. Mama mdogo, na mimi nilimtazama, sikuinamisha macho. Kisha akapanda juu kuvuta pumzi, taratibu, akashuka akaendelea na chakula chake. Mpaka leo nikiwa dukani nakunja vitambaa namkumbuka na kucheka peke yangu.

Linalonishinda ni moja. Kwenye mtihani lazima uvue miwani ya kuzamia ukiwa chini, uivae tena, utoe maji yaliyoingia. Nimejaribu mara tatu. Mara zote nimekimbilia juu. Nikishindwa tarehe 27 hawanichukui.

Swali langu la Mjomba Twaha lilikuwa kwenye karatasi ya pili. Nalirudia hapa.

Ummy

*

Songea
23 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa daraja la pili. Hapa kuna mafua, nyumba nzima inapiga chafya kwa zamu.

Karatasi ya pili imerudi. Bibi Victoria, muuguzi, alinunua doti ya zambarau akaenda nayo harusini Mbinga, karatasi ikamdondokea akiwa anajifunga. Kaja nayo jana. Kasema, "Moza, samahani, nimeisoma yote. Huyo mtoto atafaulu?" Nikamwambia hata mimi sijui. Kisha tukacheka mpaka mafua yakanitoka machoni.

Nimeona aibu kwa niliyokuandikia. Na nimeogopa kwa nilichomuuliza Dada. Nasreen hasahau swali.

Maharage ya safari hii yapepete vizuri, yana mawe.

Nina neno moja la kukuuliza. Huko chini kuna mwanga?

Moza

*

Kariakoo
5 Machi 2025

Mama mdogo, shikamoo. Ramadhani karimu.

Barua yako nimeipata jana, basi lilikwama njiani. Kila kitu kimeshatokea. Nakuandikia kabla ya kusaidia futari, nimeshapaa samaki magamba.

Tarehe 27 tulikwenda Sinda kwa boti, wasichana watatu na Mwalimu. Tulishuka mita kumi na mbili. Kulikuwa na samaki taa mwenye madoa ya bluu amejifukia mchangani, macho mawili tu yako nje, kama mimi darasani. Mkunga, yule samaki kama nyoka, alikuwa kwenye tundu anafunga na kufungua mdomo kana kwamba ananisengenya. Kisha Mwalimu akapiga magoti mbele yangu, akanishika mkono, akaonyesha miwani.

Ukivua miwani huoni kitu. Maji yanaingia puani na mwili mzima unakuamuru upande. Nikavua. Sikumwona Mwalimu, lakini nilijua macho yake yako wapi, nikayatazama pale pale. Nikahesabu pumzi kumi. Nikavaa, nikapuliza kwa pua, maji yakatoka, dunia ikarudi. Wa kwanza kumwona alikuwa yeye, ananipigia makofi yasiyo na sauti.

Sasa sikia ya nchi kavu. Mama alikuwa amenifuata tangu asubuhi. Alipanda feri, Mama mdogo. Aliniambia baadaye kwamba alivuka amefumba macho, ameshika nguo ya mama mmoja asiyemjua. Nilipopanda bajaji akanipoteza, akawa anauliza watu mpaka akafika ufukweni kwetu. Pale yuko dada mmoja anaitwa Stella, anatuuzia chai na chapati. Mama akamuuliza kama amemwona binti mfupi mwenye begi la kijani.

Stella akamjibu, "Ummy? Ameshazama, mama. Tangu saa tatu."

Hakuwa na ubaya, ndivyo tunavyosema sisi pale. Anasema Mama hakupiga kelele. Alikaa mchangani kama mzigo uliotuliwa. Stella akaona amekosea neno, akamkimbilia, "Anazama na kurudi, mama, kila wiki anarudi, tazama kandambili zake hizi hapa." Mama akazichukua. Tulipofika na boti, alikuwa amezikumbatia.

Nilitoka majini na suti nyeusi ya mpira, mtungi mgongoni, Mwalimu amenishika mkono. Mama akanishika uso, akanishika mabega, akaufinya mtungi kama anayechagua papai.

Mwalimu akasema, "Shikamoo, dada." Yeye ndiye mkubwa kwa umri, nadhani naye alichanganyikiwa.

Mama akasema, "Nilikuja kutafuta mwanaume nimpige na mwavuli. Saa nzima nimekaa hapa namwomba Mungu, basi awe mwanaume tu."

"Mwanaume hapa ni nahodha peke yake," Mwalimu akamwambia, "na ana wajukuu tisa."

Mama akamtazama nahodha. Nahodha akavua kofia. Halafu Mama akacheka, kicheko kile chake cha kukatika katika, akalia humo humo, na Stella akamletea chai. Nami mzigo wa miezi miwili ulikuwa umenitoka. Sikuwa na uongo wowote uliobaki.

Kwenye feri alinishika mkono wa nguo mpaka ng'ambo. Tulipofika Msimbazi akasema, "Angalau hilo gauni lao la mpira linasitiri." Na mlangoni akasema, "Usiende tena mpaka nikuambie." Nimefaulu, Mwalimu ameniandika kwenye kikundi, nafasi yangu ataishika mpaka baada ya Idi. Mama bado hajaniambia. Baba hajui.

Umeniuliza kama kuna mwanga. Upo. Jua linashuka mpaka chini, linacheza mchangani kama kivuli cha pazia. Pale Sinda, mita kumi na mbili, nilikiona kivuli changu mwenyewe kimelala mchangani. Kwa nini umeuliza?

Ummy

*

Songea
18 Machi 2025

Mwanangu Ummy,

Marahaba. Mungu azipokee funga zenu. Nimempigia Bibi Victoria kumwambia umefaulu, kapiga vigelegele wodini.

Habari ya Twaha umeiuliza mara mbili. Leo nakujibu, kisha usiniulize tena.

Twaha alikuwa analala na taa. Kijana wa miaka kumi na tisa, umeme ukikatika anawasha kibatari anakiweka kando ya mto, na sisi dada zake tunamcheka. Idi pili, kabla hujazaliwa, alikwenda kutembea Sinda na wenzake. Aliniomba tufuatane. Nikamwambia hina yangu haijakauka. Wakati wa kurudi boti ilipinduka. Wenzake walipatikana. Yeye hatukumzika.

Dada aliikimbia bahari akabaki pale pale. Mimi niliolewa mbali nayo. Hatujawahi kulizungumza, hata siku moja. Lakini kila nikizima taa nawaza jambo moja tu, kwamba huko aliko ni giza, na yeye giza hakuliweza.

Sasa umeandika jina la Sinda bila kujua, na umeandika kwamba ulikiona kivuli chako mchangani. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Pasipo mwanga hapana kivuli. Nimeifikiria hivyo wiki nzima nikipepeta mahindi. Mwanangu, umenitua.

Dada sijui nitamwambiaje. Yeye ndiye aliyekuwa anakijaza mafuta kile kibatari.

Moza

*

Kariakoo
6 Aprili 2025

Mama mdogo, shikamoo. Idi njema, ingawa imepita.

Pole. Sitauliza tena. Asante kwa kunijibu.

Sote wazima. Idi pili Mama hakutoka chumbani mpaka adhuhuri, na safari hii nilijua kwa nini, nikamwachia chai mlangoni. Nilitaka kumwambia habari ya mwanga. Nilijipanga jikoni, nikajipanga dukani, kila mara nikatazama kandambili. Sikuweza.

Alhamisi asubuhi akanikuta napanga vitenge. "Vaa. Twende ukanionyeshe huo uwanja wako."

Hakufumba macho kwenye feri. Alitazama maji njia nzima kama anayemtazama mtu waliyegombana. Bahari ilikuwa imekupwa, ufukwe mtupu, Stella tu na Mwalimu Winifrida anaosha mipira ya kupumulia. Mama akavua viatu, akapandisha baibui, akaingia mpaka magotini. Hina ya Idi ilikuwa bado imekolea miguuni kwake. Nilikuwa pembeni yake nimeshika miwani, sijui hata kwa nini niliichukua.

Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikamvalisha. Nikamrudishia ushungi nyuma kidogo ili mpira ushike paji la uso. Mwalimu akatugeuzia mgongo, akaanza kuosha mpira ambao ameshauosha. Mama akashika mkono wangu, akavuta pumzi, akainama.

Alikaa chini mpaka nikaogopa. Akainuka, akapumua, akainama tena. Mara ya pili nikainama naye. Samaki wadogo wa mistari walikuwa wamekuja kudonoa ile hina vidoleni, na jua lilikuwa linacheza juu ya miguu yake yote miwili. Alikuwa hatikisiki, asiwafukuze.

Alipoinuka alivua miwani, akafuta uso kwa ncha ya ushungi, akatazama kule Sinda iliko.

"Kumbe kweupe," akasema.

Basi. Neno hilo tu. Sikumwambia ya kwako, na wala haikuhitajika. Tulikunywa chai ya Stella tukiwa na nguo mbichi. Kwenye feri akaniambia, "Jumanne usichelewe. Na Baba yako nitamwambia mimi, wewe utamwambia vibaya." Nilitaka kumshukuru, nikamtazama machoni. Akanitazama na yeye. Akasema, "Hee," akageukia upande wa pili, lakini alikuwa anacheka.

Sasa naomba jambo, Mama mdogo. Mama amenikanya, asijue mtu mtaani wala dukani kwamba Nasreen ameinama baharini, kichwa chini na mgongo juu, mchana kweupe. Hajui kwamba nakuandikia. Nimekuambia wewe tu, kwa sababu lile neno niliona si langu peke yangu, ni lako pia. Ukimpigia simu usicheke, usimuulize hata juu juu. Bibi Victoria naye asijue. Karatasi ni hii moja tu, nimehakikisha mara mbili, na iko kwenye doti ya kijani. Ikishasomwa ifiche unapojua wewe, ila isiuzwe.

Mwanao,
Ummy